Kitufe cha Kitanda cha Nne

Boito, Bomet
Jumapili, 2 Machi 2025

Phanice,

Leo ni tarehe mbili mwezi wa tatu, na ni miezi minane tangu nitoke nyumbani mara ya mwisho. Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu jana ulinikatia simu katikati ya maneno, na mimi si mtu wa kukatiwa simu na mtoto niliyembeba mgongoni. Nimezuia namba yako. Usijisumbue kupiga. Ukiwa na jambo, liandike, barua uitume na basi la Kaplong, iachwe kwa Tabby mwenye duka la spea. Kwa karatasi hakuna anayeweza kumkatia mwenzake.

Sasa utanisikiliza mpaka mwisho.

Mimi ndiye niliyevua kofia mbele ya meneja. Nilimwambia dada yangu yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme, na mradi wake ni kifaa cha kuwasha na kuzima feni za vitanda vya kunyaushia majani ya chai, bila mtu kukaa hapo akipapasa majani na kubahatisha. Meneja akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema sawa, alete, tutajaribu kitanda cha nne. Hiyo ilikuwa kabla ya Krismasi. Tangu siku ile kila mtu kwenye ghorofa ya kunyausha ananiuliza kifaa kiko wapi. Nyapara wetu Chepkurui hapiti bila kunichokoza. Juzi amesema mbele ya wanawake wote, "Sagini weri, ile kompyuta ya dada yako bado inatafuta viatu?" Weri ni mvulana kwa lugha yao. Mimi nina watoto watatu na meno mawili yameng'oka, naitwa mvulana kwa ajili yako.

Na wewe ukiulizwa unasema nini? Eti kompyuta imekataa. Eti imeandika hatua ni ndogo mno. Hatua ya nani? Mimi hapa natembea na magunia ya majani mabichi tangu saa kumi na mbili asubuhi na sijawahi kuona hatua ndogo ikimzuia mtu kufika.

Nijibu kama mtu mzima.

Kaka yako,
Sagini Gekara


Nyamarambe
6 Machi 2025

Kaka Sagini,

Barua imefika. Mama ameniuliza mbona naisoma nikiwa nimesimama. Nimemwambia ni salamu tu.

Simu niliikata, ndiyo. Uliniita mvivu, halafu ukasema nacheza gemu, na neno lililokuwa linakuja mdomoni mwangu ni neno ambalo mama asingenisamehe. Bora nilikata.

Umeniuliza hatua ya nani. Nitakueleza, na ukiona umechoka kusoma, kunywa maji urudi.

Siwezi kufunga kifaa kwenye feni yenu kwanza, halafu ndiyo nione kama kitawaka moto. Kwa hiyo nachora saketi kwenye kompyuta, na kompyuta inaigiza umeme ukipita ndani yake. Lakini haiigizi mfululizo, jinsi maji yanavyotiririka. Inapiga hatua za muda. Kila hatua inakisia volti za kila mahali kwenye mchoro, inakagua kama hesabu zinakubaliana, na zisipokubaliana inakisia upya. Makisio yakikutana, inasonga. Yakikataa kukutana, inafupisha hatua na kujaribu tena karibu zaidi. Kwangu kuna mahali inafupisha, inafupisha, mpaka hatua inakuwa ndogo kuliko kitu chochote unachoweza kukitaja. Hapo inasimama, inaandika kwamba hatua ya muda ni ndogo mno. Imegoma. Huwezi kuipiga kiboko.

Mahali penyewe ni pale feni inapozimwa. Kuwasha, sawa. Kuzunguka, sawa. Kuzima kwa kifaa changu, sawa. Lakini nikiigiza mtu akizima kwa kile kitufe chenu chekundu cha ukutani, inagoma.

Meneja alisema kitufe chenu na waya zenu za zamani zisiguswe. Kwa hiyo lazima nijue vilivyo, na macho yangu ni wewe. Ile kontakta, yaani ile swichi kubwa inayovutwa na koili ili kuipa feni umeme, ni kubwa kiasi gani? Waya kutoka kwenye koili unakwenda wapi kwanza, kwenye kitufe au kwenye sanduku mtakalofunga kifaa changu? Na kitufe chenyewe kiko katika hali gani? Kikoje mtu akikibonyeza?

Nijibu ukweli, kaka. Kompyuta inaigiza ninachoichorea, na mimi nachora unachoniambia.

Phanice


Boito
Jumanne, 11 Machi

Phanice,

Nimekunywa maji, nimerudi, bado sijaelewa kwa nini mtu anasomea umeme miaka mitano halafu anaogopa kuuzima.

Majibu yako haya hapa. Koili ni kubwa kuliko ngumi yangu, ya chuma na waya mwekundu, ya zamani, ilikuja na kiwanda. Waya kutoka kwenye koili unakwenda kwenye kitufe kwanza. Halafu kutoka kitufe unafuata ukuta mpaka sanduku ambalo Wambugu amekutengea. Wambugu ni fundi umeme wetu, mtu wa Nyeri, anajua kazi ingawa mdomo wake hauna mlango. Alinisomea waya mwenyewe, kwa hiyo hapo hakuna kosa.

Kitufe ni kizima. Ni chekundu. Mtu anabonyeza, feni inazima. Usiniulize tena habari ya kitufe. Hapa kitu kikiulizwa mara mbili wanasema kimeharibika, na kikiharibika aliyekisema ndiye aliyekivunja. Umesikia? Hiyo ni sheria ya Chepkurui na sijaitunga mimi.

Jana majani yaliingia mengi, mvua imeanza kunyesha vizuri upande huu. Kitanda cha nne kilipata joto kwa sababu kijana wa zamu alizima feni mapema. Yaligeuka mekundu, yakanuka kama majani ya ng'ombe yaliyochacha. Chepkurui akamimina matusi ya Kikipsigis mpaka akachoka, akamalizia kwa Kiswahili ili na mimi nifaidi: "Kama kisichana chako cha Kisii kingeleta hiyo mashine, singekuwa nakula hasara hii!" Nikamwambia achunge ulimi. Akasema, "Ulimi wangu nimeulipia shule. Wa dada yako umelipiwa na nani?"

Nilichukua uma nikageuza majani.

Lete kifaa.

Sagini


Nyamarambe
19 Machi 2025

Kaka,

Bado.

Nimechora upya kila waya kama ulivyosema. Nilidhani pengine kuna mahali pamening'inia bila kuunganishwa na ardhi. Hiyo ni sababu ya kawaida. Hakuna. Nikabadilisha transista. Nikabadilisha namna kompyuta inavyokadiria, kuna njia mbili tatu za kuiambia ihesabu. Nikaiambia ianze kwa hatua fupi zaidi yenyewe. Inakwenda vizuri, vizuri, kitufe kikifunguka inagoma. Mahali pale pale. Kama mbuzi kwenye daraja.

Na kuna daiodi niliyoiweka kwenye kifaa, mahsusi kwa ajili ya koili. Koili ukiikatia umeme haikubali papo hapo. Umeme uliokuwa ukizunguka ndani yake unataka kuendelea, kama mtu aliyekuwa akikimbia mteremko. Daiodi inampa njia ya kuzungukia mpaka achoke. Ndiyo maana kifaa changu kikizima chenyewe hakuna tatizo. Kwa nini kitufe kinaleta tatizo, sijapata jibu. Nalikaribia, nahisi, lakini sijalipata.

Mwalimu wa chuo niliyempelekea aliangalia kioo cha kompyuta muda mfupi kabisa akasema, "Legeza masharti, msichana. Ikiwa kali sana na makosa, haitamaliza kamwe." Kuna wanaomaliza hivyo. Sitaki.

Niongezee wiki tano. Mwambie meneja. Na ukiniandikia tena, habari ya kisichana cha Kisii mwachie mwenyewe Chepkurui. Usiniletee nyumbani. Mama anajua kusoma.

Phanice


Boito
Jumapili, 23 Machi

Wiki tano hakuna.

Meneja ameshawaalika watu. Wanunuzi wa majani na mabwana wengine wa ofisini, wanakuja Alhamisi tarehe kumi Aprili kuona kitanda cha nne kikijiendesha. Mimi ndiye nitakayesimama pale kuwaonyesha. Kuwasha, na kuzima. Amesema mbele ya wote: Sagini ndiye aliyetuletea habari hii, Sagini ndiye atakayebonyeza.

Kama huwezi, sema huwezi. Andika neno moja, siwezi, nitaenda nimwambie, nichekwe mara moja yaishe. Lakini usiniambie habari za mbuzi na daraja.

Mimi niliacha shule kidato cha pili nikaja huku kuchuma. Sikulia. Nilisema wacha mmoja wetu aende mbele. Sasa huyo mmoja amefika mbele, kumbe amesimama tu kama hiyo kompyuta yake, anahesabu. Mwalimu wako amekwambia legeza. Wewe unajua kuliko mwalimu?

Legeza!

Sagini


Nyamarambe
29 Machi 2025

Sagini,

Imefanya kazi. Kifaa nimekituma na basi leo asubuhi, utakikuta kwa Tabby. Ndani ya sanduku kuna karatasi ya jinsi ya kuunganisha, mpe Wambugu. Kuna pia mchoro wa majibu ya kompyuta, kuwasha hadi kuzima. Mstari ni laini kama ulivyotaka.

Mama anakusalimia.

P.


Boito
Jumamosi, 5 Aprili

Phanice,

Kwanza, barua gani ile? Hata polisi wakikuita kituoni huandika zaidi. Nimefungua sanduku nikitafuta karatasi nyingine, nikadhani imeanguka. Umenikasirikia, sawa, kasirika. Kifaa kimefika na hicho ndicho nilichotaka.

Nitakuambia ukweli, nilipokitoa kwa Tabby nilikishika kwenye mapaja mpaka Boito kama mtoto mchanga. Hata yule mama wa Chepseon aliyekaa kando yangu na kuku aliniuliza kama ni dawa ya mgonjwa.

Wambugu amekifunga Alhamisi. Aliusoma ule mstari laini akapiga mluzi. "Huyu dada yako ameolewa?" Nikamwambia ashughulike na waya zake. Tumewasha feni, imeanza polepole, haikuruka kama zamani, ikavuta, ikashika mwendo. Chepkurui alikuwa kando na mikono kiunoni. Alitafuta tusi akakosa. Akasema tu, "Hm."

Hatujazima kwa kitufe. Wambugu alitaka tujaribu, lakini majani yalikuwa yameingia na Chepkurui alikataa feni izimwe, kwa hiyo tuliacha kifaa kizime chenyewe majani yalipokuwa tayari. Kilizima. Kitufe tutakibonyeza Alhamisi ijayo mbele ya wageni. Wambugu akanicheka, "Utabonyeza na nini, mzee, mbele ya mabwana? Na kidole?" Nikamwambia na kijiti, kama siku zote. Nitachagua kijiti kibichi kizuri kutoka kwenye gunia, nikinyooshe, nionekane mtaalamu.

Kwa hiyo umenitoa aibu, ingawa ulichelewa, na mdomo wako bado ni mrefu. Baada ya Alhamisi nitaondoa namba yako kwenye kizuizi. Usiombe kabla.

Sagini


Nyamarambe
Jumatano, 9 Aprili 2025

KAKA, USIBONYEZE KITUFE. Soma hii yote kabla hujasogea karibu na kitanda cha nne.

Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimekupigia mpaka kidole kikauma. Umenizuia, mjinga wewe. Nimempigia Tabby, naye amekupigia kwa simu yake, yako haipatikani. Barua hii inakuja na basi la mchana, na Tabby ameahidi kuipa bodaboda kesho alfajiri ikufikie kiwandani. Namba ya meneja sina. Sina mtu mwingine huko.

Kijiti gani? Uliandika kitufe ni kizima! Niliuliza hali yake, ukaandika kizima na chekundu na usiniulize tena. Kitufe kizima hakibonyezwi na kijiti. Kofia yake imevunjika, sivyo? Mnabonyeza chuma chenyewe. Na mnadhani kijiti kinawakinga kwa sababu ni mti. Mti mkavu, labda. Kijiti cha chai kibichi kilichotoka kwenye gunia la majani yenye umande, kimejaa maji na utomvu. Kinapitisha umeme. Umekishika kwa mkono wenye maji, umesimama kwenye sakafu iliyolowa, na chini yako kuna feni iliyo wazi. Siku zote mmepona kwa sababu umeme wa pale ulikuwa mdogo na kontakta ilikuwa na kifaa chake cha zamani kikiipunguza makali. Wambugu amekitoa ili afunge changu. Mimi ndiye niliyemwandikia akitoe.

Sasa sikia upande wangu, halafu unitukane.

Haikufanya kazi. Niliilazimisha. Ulisema legeza, nikalegeza. Niliiambia kompyuta isijali makosa, nikaiambia kitufe kikifunguka kiendelee kupitisha umeme kidogo, kitu ambacho kitufe cha kweli hakifanyi, na nikaiamuru ichore nukta chache tu, mbali mbali. Ikaruka pale ilipokuwa ikigoma, kama mtu anayeruka mtaro usiku bila kuutazama. Mstari ukawa laini. Nilijua si sawa. Nilikuwa nimekasirika, nikakutumia.

Leo baada ya kusoma habari ya kijiti nimerudisha kila kitu, nikaiacha ipige hatua zake fupi, nikakaa nayo. Nimeona. Daiodi yangu iko kwenye kifaa, upande huu wa kitufe. Koili iko upande ule. Ukibonyeza, kitufe kinakata njia kati ya koili na daiodi. Yule mtu anayekimbia mteremko amefungiwa lango usoni, na hakuna njia nyingine niliyompa. Volti kwenye chuma cha kitufe zinapanda maelfu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kompyuta iligoma kwa sababu nilikuwa naidai hesabu ya mkondo unaokatika papo hapo bila pa kwenda, na hesabu hiyo haipo. Ilinionyesha mahali penyewe kila siku kwa mwezi mzima.

Inaweza isikuue. Lakini itakurusha, na unajua feni iko wapi.

Ndani ya bahasha kuna daiodi nyingine, nyeusi, yenye mstari mweupe mwisho mmoja. Wambugu aifunge kwenye miguu miwili ya koili yenyewe, mstari mweupe uelekee upande wa umeme unaoingia. Kazi ya dakika chache na bisibisi. Na kitufe kipate kofia. Mpaka hivyo viwili vifanyike, asibonyeze mtu yeyote. Wewe, Chepkurui, yeyote.

Hasira yako uje nayo yote. Mikono uje nayo miwili.

Phanice


Boito, chumbani kwangu kambini
Ijumaa, 11 Aprili

Phanice,

Nimeondoa kizuizi lakini sipigi. Nikikusikia sauti nitapiga kelele, na huku kuta ni za mabati. Nakuandikia, utasoma ukiwa umekaa.

Yule wa bodaboda alinikuta ghorofani wageni wakipanda ngazi. Alisema Tabby amesema nisome kabla ya kufanya lolote. Nikaona mwandiko wako nikaitia mfukoni. Ndiyo, niliitia mfukoni. Nilidhani ni maneno yetu yale yale, na sikutaka mabwana wanione nikigombana na karatasi. Chepkurui ndiye aliyesema, "Soma wewe, boda haipandi hapa asubuhi kwa salamu. Pengine kuna msiba." Nikaifungua kwa sababu ya mama.

Nilisoma mpaka mwisho huku meneja akiwaeleza wageni habari ya chai yetu. Nilisoma tena pale pa kijiti. Tayari nilikuwa nacho mkononi, nimeshakinyoosha.

Feni ilikuwa inazunguka. Meneja akasema, "Na sasa mtu wetu ataizima. Sagini." Nikamwambia, "Bwana meneja, naomba dakika chache fundi aongeze kitu kimoja kwenye koili." Akacheka kwa wageni. "Imefanya kazi wiki nzima. Zima tu." Nikasema sibonyezi. Hapo hakucheka. "Kwa nini hubonyezi?"

Phanice, ningeweza kusema tumbo. Ningeweza kusema chochote, nikaondoka pale, halafu Wambugu angekibonyeza. Alikuwa ameshasogea, na alikuwa amekiokota kijiti changu nilichokiangusha. Kwa hiyo nikasema. Nilisema kitufe hakina kofia tangu mwaka juzi, kwamba kila kitanda hapa tunabonyeza na vijiti vya chai, kwamba leo kijiti kitamuua mtu. Nilisema kwa sauti. Wageni wakageuka kuangalia kitufe, wote pamoja, kama watu kanisani wakisikia mlango.

Meneja akamwuliza Chepkurui kama ni kweli. Akasema, "Hapa hakuna vijiti. Huyu hunywa chang'aa." Vijiti vilikuwa vimejaa kwenye mfuko wa aproni yake, ncha zikitokeza. Hakuna aliyeviona ila mimi na wanawake wote. Bosibori wa Nyansiongo, ambaye kila siku ananiita ndugu, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wambugu akasema, "Wacha mchezo, mzee, mimi nitazima," akanyoosha mkono.

Nilimpiga mkono. Nikamsukuma, akaketi kwenye majani. Nikaenda kwenye swichi kuu ya ukutani, nikavuta mpini chini, ghorofa yote ikanyamaza, feni zote, halafu nikafungua lile sanduku nikang'oa kifaa chako. Nimekikata waya mbili na nyingine zimetoka zenyewe. Usinililie. Kiko kizima, hakina hata alama ya moto.

Meneja amenifukuza pale pale. Alisema kwa Kiingereza kwanza, ili wageni waelewe, halafu kwa Kiswahili, ili mimi nielewe. Nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza.

Hakuna cheche iliyoruka. Hakuna aliyerushwa. Kwa hiyo mimi ndiye mwenda wazimu aliyeharibu mtambo mbele ya wanunuzi, na ndivyo itakavyosemwa hapa mpaka mwisho wa dunia. Ukitaka kujua kinachoniuma, ni hicho. Umeme ungekuwa umenirusha, wangeamini.

Daiodi yako nilimpa Wambugu alipokuja kunidai shati lake lililochanika. Nilimsomea maneno yako yote, mstari mweupe na upande wake. Aliisoma barua mwenyewe mara mbili, akakuna kichwa, akasema, "Dada yako ana haki." Nikamwambia basi nenda ukamwambie meneja. Akasema atatafuta siku nzuri. Siku nzuri! Nilimfukuza mlangoni na shati lake. Lakini daiodi aliondoka nayo, na jioni Bosibori amekuja kuniambia kimya kimya kwamba ameshaifunga kitanda cha nne, na kwamba kofia nyekundu mpya zimeletwa vitanda vyote, na kwamba tangazo limebandikwa kwamba anayeonekana na kijiti atafutwa. Halijaandikwa ni nani aliyesema. Halijaandikwa hata asante.

Chepkurui naye alikuja. Alileta gumbuti zangu nilizoacha, amezisafisha. Alisimama mlangoni, hakuingia. "Sagini, mimi nina watoto wanne." Hakusema weri. Nikamwambia na mimi ninao watatu. Akaziweka chini, akaondoka. Sikumsamehe na sikumtukana, nilikuwa nimechoka.

Sasa wewe. Ulinidanganya kwa mstari laini, nikautembeza kiwanda kizima nikijigamba. Mimi nilikudanganya kwa kitufe kizima. Nilipokuwa kidato cha pili walitufundisha kwamba hasi mara hasi ni chanya. Upuuzi. Hasi mara hasi karibu iniue. Kwa hiyo tutapigana, na tutapigana vizuri, uso kwa uso, bila simu na bila basi. Tafuta koili kubwa kuliko ngumi, ya zamani, hata kwa wauza vyuma. Tafuta kitufe. Utaviunganisha uani, bila hiyo daiodi ya pili, na utazima kwa fimbo ndefu kavu mbele yangu. Nataka kuiona cheche hiyo kwa macho yangu. Nimeilipia. Halafu utaifunga daiodi, uzime tena, nione inavyonyamaza. Halafu utaandika kwenye mradi wako ukweli wote, pamoja na mahali ilipogoma, na huyo mwalimu wa kulegeza ausome.

Mama usimwambie kwamba nimefukuzwa. Nitamwambia mwenyewe nikishakula.

Kesho asubuhi nachukua hati yangu ya kuachishwa kazi ofisini, napitia Kaplong nimshukuru Tabby, hapo nadhani nitakaa kidogo kwa sababu ana maneno mengi. Kama mvua haijaikata barabara, nitashuka Nyamarambe kesho Jumamosi kabla ya giza. Barua hii nampa dereva wa basi la alfajiri ili initangulie. Uje stendi unipokee mzigo.

Kaka yako,
Sagini Gekara